Saa yenye mshale mgongoni: ikague kabla hujatoa pesa

Kila wiki naulizwa yale yale. "Nimekuta saa kwenye sanduku la marehemu babu, ina alama ya mshale nyuma, je, ina thamani?" "Muuzaji anasema hii ilipigana vita ya Hitler, nimpe ngapi?" "Nikiipeleka kwa fundi aisugue ing'ae, si itapanda bei?" Hili la mwisho nalijibu hapa hapa: haitapanda, itashuka. Usiipeleke. Mengine yanahitaji maelezo, na nimechoka kumwandikia mmoja mmoja.

Nitazungumzia saa za mkono za jeshi la Uingereza, hasa zile za mwaka 1945 zenye herufi W.W.W. mgongoni, na ndugu zake wa karibu. Herufi hizo ni kifupisho cha kijeshi cha saa ya mkono isiyoingia maji. Uingereza ilizipa kampuni 12 masharti yale yale: uso mweusi, tarakimu nyeupe, rangi inayong'aa gizani, sekunde kwenye kiduara chake chini, mashine yenye vito 15, kioo kisichopasuka vipande, kasha linalozuia maji. Kila kampuni ikatimiza masharti kwa mkono wake. Zilikuwa Buren, Cyma, Eterna, Grana, IWC, Jaeger-LeCoultre, Lemania, Longines, Omega, Record, Timor na Vertex. Wakusanyaji wanaziita Dirty Dozen, na wapo waliotumia miaka mingi kutafuta zote 12.

Utamu wake ni huo: saa haikutengenezwa ili ipendeze, ilitengenezwa ili isomeke usiku kwenye matope, na uzuri ukaja wenyewe bila kuitwa. Lakini utamu huo umewaleta walaghai pia. Mshale mdogo uliopigwa kwenye chuma unapandisha bei ya saa mara kadhaa, na kupiga mshale kwenye chuma si kazi ngumu.

Neno moja kabla hatujaanza. Mikono ya saa nitaiita akrabu, kama wazee wa Pwani wanavyosema. Wengi wetu tunaiita mishale, lakini hapa mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, ile inayofanana na unyayo wa kuku. Tusichanganye.

Andaa hivi

- Kioo cha kukuzia cha fundi saa, kinachokuza mara 10. Hiki ndicho cha lazima kuliko vyote.
- Simu yenye kamera nzuri, na programu ya kupima mwendo wa saa kwa kusikiliza mlio wake. Za bure zipo.
- Tochi ndogo. Ukiwa na ile ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti, bora zaidi.
- Dira ndogo, hata ya kichezeo.
- Rula au kalipa ya kupimia milimita.
- Fundi saa mnayeelewana, anayekubali kufungua saa na kufunga bila "kurekebisha" kitu ambacho hukumwomba.

Usichohitaji ni kisu na bisibisi. Saa hizi nyingi zimepakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, na kuzifungua juu ya meza ya chakula ni kosa ambalo nitalirudia mpaka uchoke kulisikia.

Hatua kwa hatua

1. Jua kwanza ni ya ukoo gani.

Igeuze saa, soma mgongo. Ukiona A.T.P., hiyo ni ya miaka ya vita yenyewe, kabla ya W.W.W. kufika. Mara nyingi uso wake ni mweupe au wa rangi ya fedha, ni ndogo, na majina yake ni kama Moeris, Cyma, Timor, Grana, Record. Ukiona W.W.W., ni za 1945. Ukiona W10 ikifuatiwa na namba ndefu yenye 6645-99, hiyo ni ya baadaye: Smiths zilizotengenezwa Cheltenham, Uingereza, kati ya 1967 na 1970; kisha Hamilton za 1973 hadi 1976 zenye kasha lililovimba ubavuni kama pipa; kisha CWC, kampuni iliyoanzishwa 1972, iliyochukua kazi hiyo kuanzia 1976. Mwaka 1980 CWC ikaleta saa ya betri, na hadithi ya saa za kujaza kwa askari wa kawaida ikaishia hapo.

Kwa anayeanza, nashauri hivi: ukitaka saa ya kuvaa kila siku, tafuta W10 ya Smiths au CWC. Ukitaka historia ya vita bila kuuza ng'ombe, tafuta A.T.P. Ukiwa na hamu ya W.W.W., anza na Cyma, Record, Timor au Vertex. Achana na Mark 11 ya marubani kwa sasa. Ni saa nzuri mno, na ndiyo maana imeghushiwa mno.

2. Soma mgongo herufi kwa herufi.

Kwenye W.W.W. unatafuta vitu vinne: mshale, herufi W.W.W., namba ya jeshi inayoanza na herufi (kwa Omega herufi hiyo ni Y), na namba ya kiwanda. Kwenye W10 ni namba ile ndefu, mshale, na chini yake namba ya saa, mkwaju, kisha tarakimu mbili za mwaka. 1234/73 maana yake saa namba 1234 ya mwaka 1973. Ile 6645 ni fungu la vyombo vya kupimia muda katika orodha ya vifaa ya NATO, na 99 ni Uingereza. Mwanzo wa namba unakwambia nani alikabidhiwa: W10 ni jeshi la nchi kavu, 6BB ni jeshi la anga, 0552 ni la majini.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, ulize swali hili moja: mikwaruzo inapita juu ya herufi, au herufi zinapita juu ya mikwaruzo? Saa iliyochongwa namba 1945 imekwaruzwa miaka 80 baada ya hapo. Mikwaruzo lazima iingie ndani ya herufi, itoke upande wa pili, na kingo za herufi ziwe zimelainika. Ukiona mgongo umechakaa lakini herufi ni kali kama zimechongwa jana, na zimekata mikwaruzo ya zamani katikati, basi zimechongwa jana. Nimekagua saa nyingi kwa swali hilo tu, na halijanidanganya.

Onyo: si kila alama ya ajabu ni udanganyifu. Baadhi ya W.W.W. zilihamia jeshi la Uholanzi, nyingine zikafika Indonesia, na utakuta herufi KL au ADRI. Nyingine zilipewa namba mpya, ya zamani ikakatwa kwa mstari. Hizo ni historia ya kweli, na wapo wanaozitafuta kwa ajili hiyo hiyo.

3. Kaa na uso wa saa, usiharakishe.

Hapa ndipo thamani ilipo. Kwa saa ya W.W.W. uso ni zaidi ya nusu ya bei, na ndipo mimi nilipoumia. Saa yangu ya kwanza "ya jeshi" niliinunua sokoni kwa mtu aliyeitandaza juu ya kitambaa cheusi, uso mweusi tii, mshale mkubwa, tarakimu zinang'aa. Nikajiona mjanja. Fundi alipoitazama akacheka kwanza ndipo akasema. Ilikuwa saa ya kiraia iliyopakwa uso upya na kupewa mshale wa kujipambia. Za namna hii zimejaa mtandaoni, nyingi zimepakwa India, na alama yake kuu ni kwamba zinapendeza kupita kiasi.

Kwa kioo cha kukuzia, tazama haya:

Maandishi. Jina la kampuni kwenye uso halisi lina kingo zilizonyooka. La kupakwa upya limetanuka kidogo, kama wino kwenye karatasi mbaya.

Reli ya dakika, ile mistari miwili inayozunguka ukingoni. Vijistari vyake vilingane na tarakimu. Kijistari cha dakika ya 15 kikikwepa tarakimu 3, mtu amepaka kwa mkono.

Kiduara cha sekunde. Kwenye W.W.W. kiko upande wa 6, pale Mswahili anaposoma saa kumi na mbili. Kiwe katikati sawasawa na akrabu yake ndogo isimame kwenye kitovu chake.

Mshale. Kwenye nyuso halisi ni mdogo, umetulia. Waghushi wanapenda mshale mkubwa kwa sababu ndio wanaouza.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: nyuso zilizobadilishwa na jeshi lenyewe. W.W.W. zilitumika miaka mingi baada ya vita. Miaka ya 1960 rangi ya radiamu ilipoonekana ni hatari, karakana za jeshi zilitoa nyuso nyingi za zamani na kuweka mpya zenye tritiamu, na herufi T ndani ya duara. Muuzaji mwaminifu atakwambia, na bei itakuwa chini ya ile ya uso wa 1945. Mimi nazipenda hizi. Zimebadilishwa na askari fundi kwa sababu ya kazi, si na mchuuzi kwa sababu ya faida, na unaivaa bila kuwa na radiamu usoni.

Kanuni ninayoitumia: jeshi lilichanganya vipuri, hilo ni kawaida. Akrabu za Vertex kwenye Timor zinaweza kuwa kazi ya karakana ya 1952. Lakini jeshi halikuwa na sababu ya kupaka uso uonekane wa zamani. Mchanganyiko unaoeleweka kikazi, ukubali na upunguze bei. Mchanganyiko unaoeleweka kibiashara tu, ondoka.

4. Kagua rangi ya gizani, kwa macho peke yake.

Rangi ya radiamu ilichanganywa na kemikali iliyowaka kwa kupigwa na mionzi. Kemikali hiyo hufa baada ya miongo michache, kwa hiyo saa haiwaki tena. Radiamu yenyewe haijafa. Nguvu yake hupungua nusu kwa miaka kama 1,600. Ya tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 hivi, ndiyo maana W10 ya miaka ya 1970 iko kimya na haitishi.

Ingia gizani, imulike saa kwa tochi sekunde 10, kisha zima. Rangi ya zamani itafifia mara moja au haitawaka kabisa. Ikiendelea kuwaka kijani kwa dakika nzima, imepakwa rangi ya kisasa. Si lazima uikatae, lakini si halali kulipia bei ya halisi.

Linganisha pia rangi ya akrabu na ya uso. Vilivyozeeka pamoja hufanana: krimu na krimu, kahawia na kahawia. Kwenye nyuso nyeupe za A.T.P. wakati mwingine utaona kivuli cha kahawia pale akrabu zilipolala miaka mingi bila kujazwa. Radiamu imeunguza uso. Ukiona kivuli hicho, furahi, maana hakighushiki kirahisi.

Onyo, na hili halina mzaha: usikwangue, usipulize, usifungue. Saa iliyofungwa vizuri na kioo kizima, ukiivaa mara moja moja, si kitu cha kukukimbiza. Hatari ni vumbi likiingia mapafuni au tumboni. Wasichana waliopaka nyuso za saa huko Marekani miaka ya 1910 na 1920 walikuwa wakichongoa brashi kwa midomo, na wengi waliugua mifupa na kufa. Kwa hiyo usiziweke kitandani, usimpe mtoto achezee, na ukiwa nazo kadhaa usizifungie kwenye kabati la chumba unacholala. Radiamu hutoa gesi, na gesi hiyo inataka dirisha.

5. Kasha, pembe na vijiti.

Pima upana wa kasha bila kitufe cha kujazia. W.W.W. nyingi ziko kati ya milimita 35 na 38, Longines ikiwa miongoni mwa kubwa. Hiyo Longines wakusanyaji wanaiita Greenlander, na bei yake inakwenda na jina.

Tazama pembe zinazoshika mkanda. Kingo zikiwa bado zinahisiwa kwa kidole, kasha halijasuguliwa. Zikiwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika, kuna fundi aliisugua kwa nia njema. Kasha la jeshi halikung'aa tangu mwanzo, lilifanywa butu lisirudishe mwanga kwa adui. Saa ya 1945 inayometa kama kijiko cha harusi imepotezewa kitu kisichorudi.

Vijiti vya mkanda kwa kawaida vimeunganishwa moja kwa moja na kasha, havichomoki. Vikichomoka, uliza kwa nini. Kwa sababu hiyo unahitaji mkanda wa kitambaa wa kipande kimoja unaopita chini ya saa, upana wa milimita 18 kwa W.W.W. nyingi. Mkanda wa nailoni wa kijivu ambao wengi wanaufunga, ule unaoitwa wa NATO, ulitoka kwa agizo la jeshi la 1973. Kwenye saa ya 1945 ni nguo ya mjukuu, ila haidhuru.

6. Mwambie fundi aifungue mbele yako.

Hapa ndipo unamhitaji yule mtu wa meza ndogo na kisanduku cha kioo. Mwambie mapema kwamba uso una radiamu na kwamba hutaki aguse uso, unataka kuona mashine tu. Piga picha, kisha afunge.

Mashine ikubaliane na jina lililo usoni. Omega ya W.W.W. ina mashine ya 30T2. IWC ina 83, Longines 12.68Z, Jaeger-LeCoultre 479, Cyma 234, Vertex 59, Record 022K. Jina la usoni likisema Omega na mashine ikasema jina usilolijua, hakuna cha kujadili. Kutu kwenye skrubu mbili tatu si msiba. Kutu kwenye springi ile nyembamba kama unywele ni msiba.

Swali la kumuuliza fundi: vipuri vinapatikana? Kwa Omega na Cyma mara nyingi jibu ni ndiyo. Kwa Grana utasubiri sana.

7. Pima mwendo, ila usiupe uzito kuliko uso.

Jaza saa mpaka ikaze, iache ilale dakika 10, kisha weka kitufe chake karibu na maikrofoni ya simu. Mashine za W.W.W. hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kwa sekunde. Programu ikikuonyesha inakimbia au inachelewa sekunde 30 kwa siku, hiyo ni kiu ya mafuta tu. Ipime imelala chali, kisha kifudifudi, kisha imesimama kwa ubavu. Tofauti kubwa kati ya milalo hiyo ni pesa ya fundi, itoe kwenye bei.

Saa inayotembea vizuri yenye uso wa bandia haikufaidii. Saa iliyokufa yenye uso wa 1945 inafufuliwa.

8. Pima hadithi dhidi ya kalenda.

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Wazee wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa Keya (askari wa King's African Rifles), na wengi walipelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana ikishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 na kufika Kalewa mto Chindwin mwezi Desemba. Kwa hiyo hadithi ya saa iliyotoka Burma ni hadithi inayowezekana, na muuzaji anajua hilo.

Lakini W.W.W. zilianza kukabidhiwa 1945, vita vikiwa vinaisha. Mtu akikuletea W.W.W. na kusema mzee alivuka nayo Chindwin mwaka 1944, ama mzee alichanganya saa, ama aliyesimulia hakuwa mzee. A.T.P. ingewezekana. Isitoshe, saa hazikugawiwa kila askari, na askari wa kiafrika walikuwa mwisho wa foleni ya vingi. Saa ingeweza kumfikia mzee baadaye kwa kununua, kwa zawadi, au kwa njia ambazo wazee hawakusimulia mbele ya watoto.

Hadithi bila karatasi haiongezi bei. Ikija na kitabu cha kuachishwa jeshi, medali, au picha ya mzee akiwa ameivaa, viweke vyote pamoja na usiruhusu mtu anunue saa peke yake. Na kama ni babu yako mwenyewe, ushauri wangu ni kutoiuza kabisa, lakini hilo si la mwongozo huu.

9. Sasa ndipo uzungumze bei.

Tazama saa kama yako zilizouzwa kweli kwenye minada, si bei ambazo watu wanaomba. Anayeomba anaota. Kumbuka uchache: makadirio ya wakusanyaji ni kwamba Omega na Record zilitengenezwa kama 25,000 kila moja, Cyma kama 20,000, Vertex kama 15,000, na Grana kati ya 1,000 na 1,500 tu. Ukiona Grana kwa bei ya Cyma, hujabahatika, umelengwa.

Ukiagiza kutoka nje, hesabu usafiri na ushuru wa forodha kabla, na uulize msafirishaji kama anapokea saa yenye radiamu. Wapo wanaokataa.

10. Ukishainunua.

Ipeleke ikasafishwe na kutiwa mafuta, na mwambie fundi kwa maneno haya haya: usisugue kasha, usiguse uso, usitupe kipuri hata kimoja. Kipuri kilichobadilishwa kirudi kwako kwenye kipakiti. Kioo cha plastiki kilichokwaruzika waweza kukisugua mwenyewe taratibu kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Ijaze kila siku wakati ule ule. Na usiogee nayo. Maneno "isiyoingia maji" yalikuwa kweli mwaka 1945. Mipira yake imekauka tangu zamani.

Ukikwama

Saa haijazi, kitufe kinazunguka bila kukaza. Mara nyingi springi kuu imekatika. Ni kazi ya kawaida kwa fundi, usiogope.

"Imejazwa kupita kiasi, imekwama." Kwa kawaida haikukwamishwa na kujaza. Imekwama kwa mafuta yaliyoganda kama gundi. Inahitaji kusafishwa.

Inakimbia dakika nyingi kwa siku, ghafla. Ilete karibu na dira. Sindano ikicheza, huenda imeshikwa na sumaku, labda ya spika au kifuniko cha simu. Fundi ana kifaa cha kuitoa kwa dakika moja.

Nikivuta kitufe sekunde haisimami. Kwenye W.W.W. ndivyo zilivyo, si ugonjwa. Smiths W10 na Elgin A-11, saa ya jeshi la Wamarekani, ni miongoni mwa zinazosimama.

Inatembea ikilala, inasimama ikivaliwa. Uchafu, au mhimili wa gurudumu linaloyumba umeumia. Usiendelee kuivaa "kuona kama itazoea".

Ukungu chini ya kioo. Vua mara moja, iweke mahali pakavu, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Usiianike juani.

Punje za rangi zimedondoka, zinatembea chini ya kioo. Acha kuivaa. Itie kwenye kifuko cha plastiki, ifunge, nawa mikono, na mpelekee fundi anayejua radiamu. Kama wako hajui, tafuta mwingine kabla hajaifungua.

Muuzaji anakataa mgongo usifunguliwe, anasema "itaingia vumbi" au "mwenzako yuko njiani anakuja na pesa". Mshukuru, muage. Cyma nyingine itapita. Zilikuwa kama 20,000.